Funika Kombe, Jino Libaki

Jumatatu, 3 Machi

Shajara mpya. Nimeinunua kwa sababu wakubwa wote huandika shajara, na karibuni mimi ni mkubwa. Bado haijatangazwa, lakini ni suala la muda tu.

Asubuhi Bosi ametuita ofisini kwake, mimi na Mstari. Kliniki ya meno iliyo barabara ya nyuma imetupa kazi, na atakayeng'ara katika kazi hiyo ndiye atakayekuwa kiongozi wa timu. Kiongozi wa timu! Meza ya dirishani! Kile kiti chenye magurudumu na mahali pa kuegemeza mikono! Nimekitazama kiti mpaka Bosi akauliza kama nimeelewa alichosema.

Nimeelewa sana. Shida ndogo ni kwamba mama mkwe wangu anajua nimekuwa kiongozi tangu mwezi uliopita. Nilimwambia kwenye simu. Sikudanganya, nilitangulia. Naye ameshautangazia ukoo mzima, hata yule mjomba asiyeongea na mtu amenitumia salamu. Kwa hiyo cheo lazima kipatikane. Bila cheo sina uso wa kumtazama mama wa watu.

Mpinzani wangu ni Mstari. Ofisi nzima inamwita hivyo kwa sababu ukimlilia kwamba programu yako imekufa, hakupi pole. Anauliza tu, mstari wa ngapi? Sijawahi kuona moyo mkavu namna ile.

Kazi yenyewe nyepesi. Kompyuta ya mapokezi kule kliniki, nayo ni kongwe, hutoa faili moja ya XML kwa kila mgonjwa: jina, umri, na huduma anayoitaka. XML ni maandishi ya kawaida yaliyofundwa adabu, ulichokifungua lazima ukifunge, kama sufuria na mfuniko wake. Programu yetu itazisoma faili hizo na kupanga orodha ya siku, na daktari atawaita watu kwa kufuata orodha. Mstari amepewa kuipamba skrini. Mimi nimepewa usomaji. Bosi anajua akili iko meza gani.

Jumanne, 4 Machi

Siku nyekundu.

Usomaji unategemea maktaba. Si ya vitabu. Ni programu iliyoandikwa na watu wengine ili sisi tusihangaike. Nimeipa faili za mfano kutoka kliniki, nayo imepiga kelele kama mwizi kaingia. Ina ngazi tatu za kulalamika: onyo, kosa, na kosa la kufa. Yangu yote yalikuwa ya kufa. Skrini ikawa nyekundu ndi.

Bosi akapita nyuma yangu na kikombe cha chai. Akauliza kama kompyuta inatoka damu. Nikamwambia ni rangi ya majaribio.

Mstari akanyoosha shingo kutoka mezani kwake. Mstari wa ngapi? Nikasema sijaangalia. Akasema maktaba imekutajia kwa hisani yake faili gani, mstari gani, herufi ya ngapi. Kazi yako kusoma tu. Kusoma! Maandishi yenyewe madogo kama chawa. Mimi ni kiongozi mtarajiwa, si msahihishaji wa magazeti.

Baada ya chakula cha mchana nikapata ufunuo. Wahenga walishasema, funika kombe mwanaharamu apite. Nikaandika kipande cha programu na kukiita funikaKombe. Faili ikileta kosa, kinaimeza kimya kimya, hakimwambii mtu, kinaendelea na inayofuata. Nikaendesha tena. Skrini nyeupe pe! Bosi akapita, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mstari aliangalia ule weupe kwa muda, kisha akasema kimya kingi kina mshindo. Wivu ni ugonjwa.

Jumatano, 5 Machi

Leo tumeonyesha kazi mbele ya Bosi na daktari wa meno mwenyewe. Ushindi! Orodha imetoka bila kukwama. Daktari ni mtu mpole mwenye mikono safi mno. Alisema hajapata kuona orodha fupi na nadhifu kama ile. Bosi akanipiga bega. La kushoto, lililo karibu na moyo.

Mstari akataka kunitia mchanga kwenye kitumbua. Akauliza hadharani kama faili zilizoingia na majina yaliyotoka vinalingana. Nikajibu kwamba mambo ya kuhesabu mafungu ni ya wauza nyanya. Watu wakacheka. Akanifuata kwenye korido na kunishauri tutenge ukurasa wa faili zilizoshindikana, ili mapokezi wazione, kila moja na jina la mgonjwa, mstari na sababu. Yaani tujianike wenyewe! Nikamwambia aibu ya maiti aijuaye mwosha. Akasema hawa si maiti, ni wagonjwa, na bado wanaumwa.

Jioni mama mkwe amewasili. Nimetoka mbio kumpokea mzigo, nikamwamkia, nikainua macho, nikashtuka. Shavu limevimba, kitambaa kimefungwa kuanzia kidevuni hadi utosini. Jino. Alipanga kulala kwetu siku mbili ampongeze kiongozi, ageuze. Sasa anasema hapandi gari na maumivu haya. Ataondoka jino likitoka.

Mke wangu amemtandikia chumbani kwetu. Mimi niko kwenye kochi, na kochi ni fupi, kwa hiyo miguu yangu inaning'inia.

Lakini hakuna kilichoharibika. Nimepiga simu kliniki mwenyewe na kumwekea nafasi kesho. Nimemwambia Mama aniachie mimi, ule mfumo ni wa kwangu. Akaniwekea mkono kichwani akanibariki. Sikusikia maneno, maana mdomo haufunguki vizuri, ila nia niliiona.

Alhamisi, 6 Machi

Mama amerudi na jino lake.

Amekaa kwenye benchi tangu kliniki inafunguliwa hadi inafungwa. Hakuitwa. Wameitwa watu wenye meno meupe kuliko ukuta, wameingia, wametoka nayo meupe zaidi. Wenye mashavu wamebaki kwenye benchi, wakitazamana. Alipouliza mapokezi, wakamwambia jina lako halipo kwenye orodha, na mashine haisemi uongo.

Mama akaniuliza kama mashine hiyo ndiyo ninayoiongoza mimi. Nikasema tatizo ni mapokezi; wale wasichana hawaandiki vizuri. Mke wangu akanitazama kwa jicho ninalolijua. Nikaenda kumpashia Mama uji moto.

Kochi limenipa kibiongo.

Ijumaa, 7 Machi

Amekwenda tena. Amekaa tena. Hakuitwa tena. Uji umeanza kumchosha, na sasa anaunywa akinitazama usoni.

Ofisini lakini, raha! Daktari amempigia simu Bosi kunisifu. Anasema tangu mfumo uanze kazi imekuwa nyepesi ajabu. Hakuna wa kung'oa hata mmoja, ni kusafisha na kuziba tu. Koleo lake limelala kabatini. Anadhani watu wa mji huu wameanza kupiga mswaki. Bosi amenitazama mimi, kisha akakitazama kiti. Nimeona kwa macho yangu.

Mstari amelisikia neno hilo. Akasema inashangaza mji mzima kuacha kuoza meno kwa siku moja. Nikamtuma akabadilishe rangi ya kichwa cha orodha. Akanikumbusha kwamba mimi bado si mkubwa wake. Nikamwambia bado ndilo neno.

Alipotoka nimeifungua faili ya Mama kwa siri. Nimeisoma yote. Jina lake, sahihi. Umri, ule anaoutaja yeye. Mwisho huduma='kung'oa'. Kiswahili safi, hakina hata kosa la tahajia! Basi nimegundua: maktaba hii imeandikwa na wageni, haipendi lugha yetu. Ubaguzi mtupu.

Lakini mimi si mtu wa kukwama. Nimempigia msichana wa mapokezi na kumwambia yule mama mwenye kitambaa amwandike kesho kama mtu wa kusafisha. Akishaingia ndani na kukalia kiti cha wagonjwa, daktari ataliona jino. Akili ni nywele, na leo nimetoka kuchana zangu.

Jumamosi, 8 Machi

Ameitwa! Wa kwanza kabisa!

Wamemsafisha meno.

Yote. Na bovu pia. Hilo ndilo lililosuguliwa kuliko mengine. Mama alijaribu kueleza, lakini mdomo ulikuwa umevimba na kujaa mabomba. Akaonyesha kwa kidole. Daktari akaliona, akasikitika sana, akasema jino hili bovu mno, mama, nenda mapokezi ukaandikishwe kung'oa. Yeye anafuata orodha.

Amerudi anang'aa mdomoni na machozi machoni. Hasemi nami. Anasema na mke wangu, hata nikiwa nimesimama katikati yao. Mwambie mumeo anipishe njia. Mwambie mumeo chumvi ya kusukutulia imekwisha.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kununua chumvi. Nimezunguka mbali kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa.

Mapema wenye mashavu walikataa kuondoka kwenye korido ya kliniki. Daktari akampigia simu Bosi, na safari hii sauti haikuwa ya sifa. Bosi akatoka nje ya chumba chake na kuuliza ni nini kinazuia watu kung'olewa meno. Nikajibu haraka, ni maktaba.

Bosi si mtu wa programu. Ni mtu wa mikataba. Akaingia ndani, akafunga mlango, akapiga simu maktaba ya mji. Tulimsikia kupitia ukuta. Aliwafokea kwamba vitabu ni kitu kizuri lakini visiingilie afya za watu. Upande wa pili mkutubi naye hakuwa mnyonge. Mwisho Bosi alitoka amevuja jasho na kuniagiza niende kwa miguu kuomba radhi kwa mkutubi. Nimekwenda. Mkutubi amenitazama juu ya miwani na kusema yeye hajawahi kumzuia mtu kung'oa chochote, isipokuwa kurasa.

Niliporudi Mstari amekaa kwenye kompyuta yangu! Kwenye kiti changu! Alikuwa amekiondoa funikaKombe, na ule wekundu wote umerudi. Bosi amesimama nyuma yake na chai. Mstari alikuwa anasoma ujumbe wa kwanza, taratibu, kama anamsomea mtoto. Mstari wa tatu, akahesabu herufi kwa ncha ya kalamu juu ya kioo, akafika kwenye neno kung'oa, akasimama.

Akasema ni ritifaa. Kile kialama cha juu katika ng'. Kompyuta kongwe ya kliniki huzungushia kila neno vialama viwili vidogo, kimoja mwanzo, kimoja mwisho, ili msomaji ajue neno linaanzia na kuishia wapi. Sasa kung'oa lina kialama chake tumboni. Maktaba inasoma kung, inakiona kialama, inadhani neno limekwisha, halafu inakutana na oa imesimama peke yake uchi, inakufa hapo hapo. Kusafisha hakuna ng'. Kuziba hakuna ng'. Ndiyo maana wale wamepita, na kila aliyekuja kung'oa ameanguka. Na maktaba ilituambia tangu siku ya kwanza, akasema Mstari, ila kuna mtu aliiziba mdomo.

Bosi akasoma jina la kile kipande changu kwa sauti. Funika. Kombe. Akanywa chai.

Mstari akasema dawa ya jino bovu ni kung'oa. Kesho kutwa, akipewa nafasi, kompyuta ya mapokezi itazungushia maneno alama pacha badala ya zile moja moja, na faili zitakazoshindikana zitaonekana wazi kwenye ukurasa wake. Akaonya pia kwamba ipo alama nyingine inayoua vile vile, ile & iliyojikunja kama kamba ya kiatu, ambayo watu huiandika badala ya kusema na. Sikusikiliza sana. Nilikuwa natazama kiti cha dirishani, na mwanga ulikuwa unakipiga vizuri.

Lakini kesho kutwa ni mbali! Kabla ya hapo ipo kesho, na kesho ni yangu. Tatizo ni kialama? Tuvifute vialama. Kung'oa liwe kungoa, nani atakufa? Ni mstari mmoja tu wa programu. Nimeuandika wakati Mstari amekwenda kunawa mikono. Na nimemrudisha funikaKombe, kwa usalama.

Jumanne, 11 Machi

Sitaki kuandika. Ila wakubwa huandika hata siku mbaya.

Nilifuta vialama. Vyote. Na vile vya kuzungushia maneno. Kumbe bila hivyo hakuna faili hata moja inayosomeka, si ya kung'oa, si ya kusafisha, si ya kuziba. Maktaba ilizikataa zote na funikaKombe akazimeza zote. Ni mtiifu sana.

Orodha ilifika kliniki tupu. Nyeupe pe. Daktari akaitazama, akashukuru Mungu, akavua koti, akachukua funguo zake aende nyumbani. Mlangoni akakutana na mama mkwe.

Nimesimuliwa na mke wangu, aliyekuwepo. Mama alimshika daktari mkono, akamrudisha ndani kama mtoto aliyetoroka shule, akamkalisha kwenye kigoda chake, akapanda mwenyewe kwenye kiti cha wagonjwa, akafungua mdomo. Daktari akajitetea kwamba hana orodha. Mama akaelekeza kidole kwenye jino. Orodha ndiyo hiyo.

Likatoka!

Halafu hakuondoka. Amefunga pamba mdomoni na kusimama mlangoni, akiwaita watu kwa kuangalia mashavu, lililovimba zaidi kwanza. Hakuna aliyebisha. Mpaka mchana korido ilikuwa imekwisha watu.

Bosi alikuwa amefika kuomba radhi, akakuta kazi inakwenda kuliko ilivyowahi kwenda. Akamwendea Mama kumpongeza. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba faili za kujitetea. Mama akatoa pamba mdomoni, akamshukuru Bosi kwa kumpa mkwe wake uongozi tangu mwezi uliopita.

Bosi akakohoa. Akasema uongozi ameupa Mstari. Leo asubuhi.

Nilitamani sakafu ipasuke. Mama alinigeukia, na shavu lilikuwa limeshuka vya kutosha, kila neno likatoka limenyooka. Mwanangu, njia ya mwongo fupi. Halafu akanipa pamba nikaitupe.

Nimelia kidogo chooni. Si kwa sababu ya kiti peke yake. Yule mama aliniwekea mkono kichwani.

Jumatano, 12 Machi

Mama ameondoka. Nimembebea mzigo hadi kwenye gari. Aliniruhusu, hilo ni jambo. Daktari amemwambia jino la jirani nalo limeoza, arudi Jumatatu. Amemwagiza mke wangu nisiguse chochote.

Mstari amehamia dirishani. Kiti kinalia anapozunguka. Nimefurahi kidogo.

Ijumaa, 14 Machi

Mambo yamegeuka!

Mfumo wa Mstari umeanza kazi. Kung'oa linapita bila kujikwaa. Na ule ukurasa wake wa makosa umewekwa: faili ikishindikana inatokea pale kwa wekundu, jina la mgonjwa, mstari, herufi, sababu. Chini yake pameandikwa mtu wa kuulizwa. Mtu huyo ni mimi! Mstari mwenyewe amenipa kazi hiyo. Amesema nitajifunza kusoma.

Nimempigia Mama kumwambia nimeteuliwa Kiongozi wa Makosa. Akasema hilo analiamini.

Amenipa na habari zake. Amepiga simu mapokezi mwenyewe kuhusu Jumatatu. Safari hii anataka jino litolewe na mengine yasafishwe, yote kwa mara moja, na wasimchanganye tena. Mke wangu anasema aliwasimamia kwenye simu neno kwa neno: andika kung'oa, weka ile & iliyojikunja, andika kusafisha. Msichana wa mapokezi ameandika hivyo hivyo. Mama akipanga jambo limepangwa.

Mchana, kwa bahati mbaya, Bosi akatangaza analeta wageni kuona mfumo. Dakika hiyo hiyo ukurasa wangu ukatoa wekundu. Mmoja tu, katikati, na jina langu chini yake! Maandishi madogo yale yale. Sikuwa na nafasi ya kusoma, wageni walikuwa kwenye ngazi. Mkono ukafanya wenyewe. Nimeandika kipande kidogo na kukiita kombeFunika, kinyume, ili Mstari akitafuta asikione.

Nyeupe pe! Wageni wamesifu. Mmoja ameuliza jina langu.

Nimemtumia Mama ujumbe aje Jumatatu bila wasiwasi wowote, mfumo mzima hauna kosa hata moja, nimehakikisha mwenyewe. Nimemsomea mke wangu ujumbe huo kwa sauti. Ametoa shuka kabatini, na sasa anatandika kochi. Sijui anaogopa nini.